Ng'ombe Aliyekula Majani

Benchi letu liko kati ya meza yangu ya kushonea viatu na kibanda cha kinyozi tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Kila alasiri saa kumi muuza kahawa hutua birika lake hapo, na dunia huanza kunyooshwa. Juzi alikuja Bucha, mwenye duka la nyama la pale kona, akakaa bila kusalimia mtu. Mkononi alishika kadi ya vyakula ya ile hoteli ya ghorofa anayoiuzia nyama mwaka wa kumi na moja sasa. Asubuhi ile walikuwa wamemrudishia mzigo wake wote.

— Fundi, hebu soma hapa.

Nikasoma. Steki ya wagyu, ng'ombe aliyelishwa majani matupu.

— Majani, akasema Bucha. Kwani wa kwangu alikuwa anakula keki?

Damu ilinichemka na mimi. Tangu lini ng'ombe kula majani ikawa habari ya kuandikwa? Basi na mimi nibandike tangazo hapa mezani kwamba viatu vyangu vimeshonwa kwa uzi.

Redio akaanza kutueleza. Wagyu ni ng'ombe wa Japani, alisema, mafuta yao yamepenya ndani ya nyama yenyewe, ukiitia mdomoni inayeyuka. Mteja wake mmoja aliila akafumba macho, wakadhani amezimia.

— Nyama isiyotafunwa ni uji, Bucha akamkata.

Lakini Redio alikuwa ameshawaka. Akasema hao ng'ombe hukandwa mgongo kila asubuhi, wanapigiwa muziki wa taratibu na wanalala kwenye godoro. Hata siku ya kuchinjwa huambiwa wanakwenda harusini.

— Mimi nina miaka hamsini na mbili, akasema muuza kahawa, sijakandwa na mtu.

Tulicheka sote isipokuwa Bucha. Hoteli ndiyo nusu ya biashara yake. Ikiondoka, duka linafungwa, na dada yake mjane anayekata nyama pale naye anarudi nyumbani kukaa bure. Hilo ndilo lililoniuma. Miaka kumi na moja ya kuamka alfajiri, halafu unashindwa na ng'ombe wa godoro.

Ndipo akaja binti mmoja anahema, amevaa aproni ya hoteli.

— Shikamoo baba. Mimi ndiye mpishi ninayepokea nyama yako.

— Marahaba.

Akasema amembana meneja tangu asubuhi mpaka amelegea. Wageni hawajali sana hiyo wagyu, wanachokipenda ni lile neno majani. Kama nyama ya Bucha ni ya ng'ombe wa majani, itaandikwa kwenye kadi na jina la duka lake chini yake, na mzigo utapokelewa kesho. Akatoa kalamu na karatasi.

Redio alipiga makofi. Bucha akasimama, akajifuta mikono kwenye koti.

— Andika, mwanangu. Majani.

— Wanalishwa wapi, baba?

Bucha akamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akatazama chini. Ng'ombe wote wa Bucha hutoka kwa mfugaji mmoja wa mtaani, na saa hiyo ndiyo wanayorudi. Kila siku hupita hapa mbele yetu, nasi hukunja miguu kuwapisha, wakitoka nyuma ya soko kunakomwagwa taka. Walikuja. Wa mbele, mwekundu, alikuwa anatafuna mfuko wa plastiki wa bluu, nusu uko nje.

Hasira nilikuwa nayo bado, ila sikujua tena niielekeze kwa nani.

Binti aliishika ile kalamu juu ya karatasi, akasubiri. Bucha akamsogelea ng'ombe, akaushika mfuko, akauvuta polepole. Ukaendelea kutoka.