Mwalimu Irine Akoth Obare, Aliyefundisha Katiba Uriri

Mwalimu Irine Akoth Obare, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 kisiwani Takawiri, mtoto wa tatu wa Mzee Oyaro, mvuvi. Shule ya msingi alisoma papo hapo kisiwani, akavuka ziwa kwenda sekondari Homa Bay, na mwaka 1990 akahitimu ualimu wa Historia.

Mwaka 1992 alifunga ndoa kanisani na Gordon Obare, mkulima wa Uriri. Mungu akawajalia watoto watatu.

Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha Historia na Serikali katika shule ya bweni ya wasichana. Katiba mpya ilipoidhinishwa mwaka 2010, alihangaika hadi kila dawati likapata nakala. Darasa likisoma "Sisi, Watu wa Kenya," alilikatiza: "Sisi akina nani? Wewe umo?" Hakuendelea mpaka kila msichana aseme yumo.

Mwaka 2013, alipokuwa naibu wa mwalimu mkuu, simu, iliyokatazwa shuleni, ilipatikana ndani ya sanduku la mwanafunzi aitwaye Bhoke. Mwalimu akamwandikia barua ya kwenda nyumbani wiki mbili. Bhoke akaingia ofisini na Katiba mkononi.

"Madam, kifungu cha 47, cha kutendewa haki kabla ya kuadhibiwa, ulitufundisha wewe. Mbona mimi sijasikizwa?"

Irine alitusimulia baadaye kwamba aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akamwambia, "Keti. Sema yako."

Ikabainika simu ilikuwa ya msichana mwingine. Kesho yake, kwenye gwaride la asubuhi, aliichana ile barua na kumwomba Bhoke msamaha mbele ya shule nzima. Mwalimu mwenzake, Makori, alikasirika: "Unawafundisha watoto kutushtaki."

"Basi niwafundishe nini, Mwalimu? Kunyamaza?"

Alistaafu mwaka 2022 figo ziliposhindwa. Kwa miaka mitatu Gordon alimpeleka Homa Bay mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Mwezi uliopita daktari alimwita Gordon kando. Irine akaita kutoka kitandani, "Daktari, mgonjwa ni mimi. Niambie mimi." Akaambiwa. Aliuliza maswali yake yote, kisha akasema, "Nimeelewa. Nirudisheni nyumbani."

Alifariki nyumbani Uriri, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mumewe Gordon, watoto Frankline, Emmaculate na Jeff, wajukuu wanne, na kaka yake Javan, anayesoma maneno haya. Bwana ampe dada yetu pumziko la amani.