Aliyeanza na Neno la Mwisho

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Herufi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa na miaka sita baba yake na wenzake walipogoma. Mkubwa wa karakana alikubali kuwarudisha kazini wote isipokuwa saba, lakini waliokubaliwa wakakataa kuvuka lango bila hao saba, wakimwambia, "Twende sote." Uhuru ulipopatikana, maneno hayo yakawa kaulimbiu ya taifa.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1966, kisha mjomba wake akamfundisha kuandika mabango.

Mwaka 1971 aliajiriwa na idara ya ujenzi kuandika kaulimbiu hiyo kwenye kuta za shule, mahakama na hospitali. Ukuta wa kwanza ulimtia aibu: "Twende" ilinenepa, "sote" ikajibanza pembeni kama abiria asiye na tiketi. Makarani wakamtania, "Fundi, hawa sote mbona wamekonda?" Tangu siku hiyo aliandika "sote" kwanza, ndipo akarudi nyuma. Alisema asiyetengewa nafasi mapema hubanwa mwishoni.

Mwaka 1976 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa akimshikia ngazi. Mama huyo huwaambia wageni kwamba mumewe aliandika sote ukutani, ila usiku blanketi lilikuwa lake peke yake.

Mwaka jana figo zilimwangusha. Mashine ya kusafisha damu hospitalini ilikuwa moja, na kila wiki jina lake lilisogezwa kuwapisha waliotanguliwa na simu za wakubwa. Mkewe alibembeleza, mabinti walilia, hata muuguzi alilia nao. Hakuna aliyeweza lolote. Benchi la kungojea liko chini ya ukuta alioandika kwa mkono wake. Siku moja kitindamimba wake alikuja na kopo la rangi nyeusi ayafute maneno yale. Mzee akamshika mkono.

"Yaache, mwanangu. Yakifutwa, mtawadai kwa lipi?"

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 mwezi huu, kwenye benchi hilo, zamu yake ikiwa bado.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na ukuta ambao haujafutwa. Apumzike. Kudai ametuachia sisi.