Shahidi Anaomba Kazi

Ndani ya gari la farasi liendalo mji wa Bath, Tabitha, mjakazi asiye na kazi, alimsimulia muuza jibini aliyebanana naye: "Mimi ndiye niliyeapa Bungeni, talaka zinakoamuliwa, kwamba nilimkuta kapteni mmoja kitandani mwa bibi niliyemtumikia. Mumewe akampa talaka."

"Ukamwaibisha mbele ya nchi nzima! Na leo unakwenda kumwomba kazi? Mwanangu, una uso mkavu!"

"Mama, bila mimi angeolewaje na kapteni wake? Anishukuru."

"Shukrani ya punda ni mateke."

Tabitha alicheka. Gari likasimama langoni kwa bibi yule. Bibi mwenyewe alikuwa akikata mawaridi, mkasi mkononi. Tabitha akashuka, akainyoosha aproni yake.

"Dereva," muuza jibini akanong'ona, "usiwachape farasi kwanza. Atarudi kiti chake hakijapoa."