Mkono Ambao Sikuuinua

Sogeeni, wanangu. Kaeni hapa karibu na kitanda, na wewe kifungua mimba wangu acha kusimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, hii ni nyumba uliyotambaa sakafu yake. Dirisha liacheni wazi, nataka kuusikia mtaa. Daktari kasema nisiongee sana, nami nimemsikia, ila yeye ana wagonjwa wengi na mimi nina ninyi wawili tu, kwa hiyo leo nitaongea mpaka nimalize, na atakayeniambia "pumzika, mama" nitamrushia huu mto.

Ile barua uliyoniletea jana, baba, ukaiacha juu ya kabati na kalamu yake pembeni, nimesomewa na mdogo wako neno kwa neno. Inasema kwamba mimi, mpiga picha wa studio ya televisheni ya mtaa, siku ile nilipitiwa nikasahau kazi yangu, na kwamba yote yaliyosikika yalisikika kwa uzembe wangu. Nikishatia sahihi, watatundika picha yangu kwenye ukumbi wa kituo chao kipya, na wewe utapewa kazi ya kupaka rangi jengo zima, ghorofa nne, ndani na nje. Najua mwenye kituo ni mtoto wa yule meneja wetu wa zamani, anataka jina la baba yake lisafike kabla hajafungua milango. Najua pia kwamba brashi zako zimekauka tangu mwaka jana na una watoto watatu. Sikukasirikii, mwanangu. Lakini sahihi yangu hupati. Tulia, usiinuke. Nisikilize kwanza.

Ninyi hamkuiona studio ile. Ilikuwa ghala la mbao, nyuma ya kinyozi, paa la bati tupu, na mvua ikinyesha hakuna aliyesikia neno hata moja, basi siku za mvua tulirusha mazoezi ya viungo, kwa sababu kuruka hakuhitaji maneno. Watu wa mitaa ya mbali wakiona tunaruka walikuwa wanakimbilia kuanua nguo. Samani hatukuwa nazo. Kila Alhamisi asubuhi tulipita nyumba kwa nyumba na mkokoteni, hapa tunaazima kochi, pale zulia, pale saa ya ukutani, tukajenga sebule yetu ya kipindi cha jioni, na kila kitu tukakiandika jina kwa chaki, kwa chini, ili kirudi kwa mwenyewe. Mtaa mzima ulitazama, na sidhani walikuwa wanamtazama mgeni wa kipindi. Walitazama viti vyao. "Leo kochi langu limekaliwa na mwalimu mkuu," mama mmoja alitangaza kisimani, na wiki nzima hakumruhusu mumewe kulikalia. Na mwenye nyumba iliyokuwa na stuli moja tu, mbovu, tuliazima stuli yake tukaiweka mbele kabisa, maua juu yake. Hilo lilikuwa wazo la shangazi yenu, mtangazaji wetu. Nitamrudia shangazi yenu.

Kamera yangu ilikuwa na taa nyekundu mbele, kubwa kama kifungo cha koti. Ikiwaka, uko hewani. Wageni wetu walikuwa watu wa hapa hapa, washonaji, wachota maji, wauza mkaa, na ile taa iliwaua. Fundi mawe mmoja, mwanamume wa kubeba jiwe peke yake mpaka ghorofani, taa ilipowaka alisahau jina la mkewe, na mkewe nyumbani anatazama. Nilimwonea huruma. Nikakata mfuko wa gauni langu la bluu, nikaifunika ile taa kwa kitambaa, na tangu siku hiyo watu wakaongea kama wako barazani kwao. Sasa taa imefunikwa, nani atajua tuko hewani? Tukakubaliana. Kwangu, ndani ya kitundu cha kuchungulia, kulikuwa na kitaa kingine kidogo, nakiona mimi peke yangu. Kikiwaka, nainua mkono wa kushoto, na wote mle ndani wanajua, sasa nyamazeni, mtaa unasikia. Mkono haujainuka, kohoa, jikune, tukana ukitaka. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka sita na hatukukosea hata mara moja.

Basi. Alhamisi ile mgeni alikuwa dobi. Mwanamke mwembamba, mikono imeparara kwa sabuni, alifua mashuka ya wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu. Shangazi yenu akamuuliza habari za kazi, maswali ya kawaida tu, na yule mama akajibu taratibu, "Zamani nilifua mashuka arobaini kwa wiki. Wiki hii nimefua mawili. Vitanda vimetolewa, chumba cha kujifungulia kimejazwa simenti ya mheshimiwa, na wazazi wanajifungulia kwenye korido." Shangazi yenu akatabasamu, maana aliogopa, akasema sasa tusikilize wimbo.

Wimbo ukaanza, na mlango ukafunguliwa, akaingia meneja. Mheshimiwa mwenye simenti alikuwa shemeji yake. Alipita katikati ya sebule yetu na viatu vyake juu ya zulia la watu, akasimama mbele ya yule dobi. Na wakati huohuo kule kwenye chumba cha mitambo kanda ya wimbo ikatafunwa na mashine, na fundi mitambo, ambaye ndiye baba yenu ingawa wakati ule hakuwa baba wa mtu yeyote, hakuwa na kingine cha kuonyesha, akarudi kwenye kamera yangu. Kitaa changu kikawaka.

Hapo ndipo barua yako inaposema nilipitiwa.

Nilikuwa macho, mwanangu, kuliko nilivyo macho sasa. Nilikiona kitaa. Nilimsikia baba yenu kwenye hedifoni, "Inua mkono! Tuko hewani, inua mkono!" Na meneja, anayejua desturi yetu, aliuangalia mkono wangu, akauona uko chini, akamwambia yule mama, "Wewe nani kakutuma? Tukirudi hewani utasema umekosea hesabu. Vitanda vipo. La sivyo kesho kazi ya kufua anapewa mwingine. Hawa wanaotazama ni wa kuchekeshwa, si wa kuambiwa mambo." Dobi akamtazama kutoka chini, amekaa kwenye stuli ya watu, akasema, "Bwana mkubwa, mashuka siwezi kuyakosea. Nayafua kwa mikono." Mimi nikaisukuma kamera polepole kwa bega mpaka ile mikono ikajaa kwenye kioo. Mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeushika kwa wa kulia, maana ulishazoea kuinuka wenyewe.

Nyie mmezaliwa kwenye wodi ile, wote wawili, kitandani, kwenye shuka safi. Kabla giza halijaingia siku ile, mtaa mzima ulikuwa zahanati na mikokoteni, pamoja na ule ule tuliobebea makochi, wanatoa simenti mfuko kwa mfuko. Kinyozi alifunga duka akabeba mifuko kumi na moja. Wenye stuli mbovu walileta stuli wazazi wakalie wakati vitanda vinarudishwa. Yule dobi alisimama mlangoni na mashuka yake mikononi, hakuna aliyethubutu kumpa mwingine kazi ile, akaifanya mpaka akazeeka.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi, yatosha.

Mwezi haujaisha, studio ikafungwa. Meneja akasema lazima mtu abebe kosa, na akamtaja fundi mitambo, kwamba amehujumu. Kuhujumu ilikuwa jela. Mimi nikaandika kwa mkono wangu, "Nilipitiwa, nikasahau kuinua mkono." Nikafukuzwa kama mzembe, na mtaani wengine wananicheka mpaka leo, mpiga picha aliyelala na macho wazi. Nimekibeba kicheko hicho miaka arobaini na mbili na hakijanivunja mgongo. Ule uongo niliuandika ili mtu asifungwe. Huu wa sasa unataka niuandike ili marehemu meneja apakwe rangi. Sio sawa, na mimi si wa kudanganya mara mbili kuhusu jambo moja nililolifanya vizuri maishani mwangu.

Baba yenu hakuniuliza kamwe. Kila Alhamisi saa ya kipindi alinipikia chai, yeye mwenyewe, akaniletea na kukaa nami, miaka yote ile, mkidhani ni mazoea ya wazee. Alipokuwa anaondoka, kwenye kitanda hiki hiki, akaniambia, "Nilikupigia kelele mara tatu. Ile ya tatu nilikuwa nacheka."

Sasa sikilizeni ninavyogawa, na msibishane nikishafukiwa. Nyumba ni yenu wote wawili. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ni chako wewe mwanangu wa kwanza. Fanya karakana, andika vibao vya maduka, una mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote mtaa huu na umeuficha kwa kupaka kuta za watu rangi moja. Kibao cha kwanza ukiandike cha zahanati, kimefutika siku nyingi, na muuguzi mkuu nimeshamwambia utakwenda. Kibao kimoja si ghorofa nne, najua, unanitazama kama nimekunyang'anya tonge. Nimekunyang'anya. Unikasirikie mwaka mmoja, halafu uache. Lakini barua ile uirudishe bila sahihi, uipeleke mwenyewe, mchana, umevaa shati lako zuri, useme, "Mama amekataa." Usiseme nilikuwa mgonjwa. Usiseme sikuielewa.

Kamera iliyo chini ya kitanda haipigi tena, panya wamekula nyaya. Hiyo ni ya mdogo wako. Na shangazi yenu, ambaye hajakanyaga hapa tangu studio ifungwe kwa sababu nilimpotezea kipindi chake, mkamwite. Alipoteza kazi aliyoipenda na hakuna aliyempa pole, hata mimi. Mwambieni nimesema pole. Mwambieni vilevile kwamba ningerudia. Akija, mpeni ile stuli iliyo jikoni, aigeuze, ataona chaki yake kwa chini. Mwenye stuli alituachia, nami sikuifuta.

Na wewe kitinda mimba. Unadhani sijaona? Umeiegemeza simu kwenye birika, ukaifunika leso, ukaacha jicho tu, ili mama asiogope akijua anarekodiwa. Tangu nianze kuongea umekaa na mtoto mgongoni, unambembeleza kwa kuyumba, asilie akaharibu sauti. Nani alikufundisha hayo? Hakuna. Umeyatoa mwenyewe moyoni, kama mimi nilivyokata mfuko wa gauni. Mungu akulipe.

Lakini sasa itoe leso, mwanangu. Wale niliowafunikia taa walikuwa na woga. Mimi sina. Itoe, isogeze karibu. Nataka niione inanitazama.

Hivyo. Hivyo hapo.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kamera siku ile. Sikulala. Sikusahau. Niliona taa, nikasikia naitwa, na mkono sikuuinua. Mpelekeeni mtoto wa meneja hiyo, aitundike ukumbini kwake akiweza.

Njooni. Vichwa vyenu hapa, mkono umekuwa mzito. Mpendane. Milango yenu isikose mtu wa kubisha kwa wema. Watoto wenu wazaliwe kwenye shuka safi... na wakiona jambo, waliseme, na Mungu awe... awe upande wao.

Wewe, baba, nishikie huu wa kushoto. Uinue. Juu kidogo... juu zaidi, waone.

Haya. Sasa nyamazeni.