Tangazo Ambalo Nzilani Hakulitoa

Tumefika hapa Tawa leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 1996, kumsindikiza mama yetu, Rhoda Nzilani Muthama. Wasifu huu aliupitia yeye mwenyewe mwezi wa Aprili, akiwa kitandani, akifuta hapa na kuongeza pale. Kuna sehemu ambayo sisi watoto tulimsihi aitoe. Alikataa. Basi tunayasoma haya kwa haya, lakini tunayasoma yote.

Mama Nzilani alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Kanyangi, Kitui, mtoto wa tatu wa marehemu Ndululu Muli na marehemu Kalondu. Nyanya yetu alishikwa na uchungu akitoka mtoni, mtungi ukiwa mgongoni, akajifungua njiani kabla ya kufika nyumbani. Ndiyo maana mtoto akaitwa Nzilani, wa njiani.

Alianza shule ya misheni ya Kanyangi mwaka wa 1951 na kumaliza darasa la nane mwaka wa 1958. Kwa kuwa wasichana waliojua kusoma walikuwa wachache, majirani walimletea barua za waume zao waliokuwa Mombasa na Nairobi awasomee. Nyanya alikuwa akijivuna kwamba hakuna neno la barua ya mtu lililowahi kutoka kinywani mwa Nzilani. Mwaka wa 1961 alihitimu upigaji taipu huko Machakos, akafanya kazi katika ofisi ya lokesheni kwa miaka mitano.

Mwezi wa Agosti 1966 aliajiriwa katika Maabara ya Fizikia ya Ndivuni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kiboko. Wataalamu wa pale walipima joto la jua, upepo na maji yaliyomo udongoni, ili ijulikane ukame unakujaje katika nchi yetu ya Ukambani. Watu wapatao mia mbili waliishi ndani ya ua mmoja: wataalamu, mafundi, madereva, wapishi, wake na watoto. Kila asubuhi kabla ya saa mbili Mama alichapa karatasi moja, akaizungusha kwenye mashine ya stensili, na kuigawa nyumba kwa nyumba. Iliitwa Habari za Ndivuni. Humo ungesoma nani amejifungua, lori la maji litafika saa ngapi, mbuzi wa nani amekula waya wa kipima upepo, na timu ya maabara imefungwa mangapi na watu wa reli wa Makindu. Wazee wa Ndivuni walioko hapa watakumbuka siku alipoandika: "Alhamisi saa moja jioni, mhadhara kuhusu mwanga. Jenereta itakuwa imezimwa. Kila mtu aje na taa yake." Watu walicheka hadi mkurugenzi mwenyewe akaja na koroboi.

Tarehe 7 Desemba 1968 alifunga ndoa hapa Tawa na Mwalimu Muthama Musembi. Mungu aliwajalia watoto watatu, na kwa jina la wa kwanza watu wakamwita Mama Mbinya. Alikuwa nguzo ya kwaya ya akina mama, na kila mwisho wa wiki alisafiri kutoka Ndivuni kuja kuimba katika kanisa hili.

Sasa tunafika pale aliposema tusiparuke.

Msimamizi wa stoo ya Ndivuni aliitwa Salim Abubakar, mtu wa Kitui mjini, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa karani yeyote. Katika stoo yake kulikuwa na sanduku la kupimia maji ya udongo, na ndani ya sanduku hilo kipande kidogo cha madini yenye mionzi. Sheria ilikuwa moja: sanduku lisitoke nje ya ua bila msimamizi kukabidhi tangazo la Habari za Ndivuni, ili kila mtu ajue liko wapi.

Ijumaa tarehe 3 Septemba 1976 lori la watafiti lilichukua sanduku kwenda kupima mashamba ya Kanyangi kwa wiki moja. Salim aliandika tangazo na kumpa Mama mkononi, mbele ya mashine. Saa hiyo hiyo Salim alikuwa amepata habari kwamba mama yake amefariki Kitui, na alikuwa akiharakisha. Mama naye alikuwa akiharakisha kuja Tawa kwa mashindano ya kwaya. Aliandika juu ya karatasi kwa penseli nyekundu, "Jumatatu," akaichomeka katikati ya stensili, akaenda zake.

Jumatatu alichelewa kurudi. Alipofika saa nne alikuta ua mzima umechafuka. Stoo ilikuwa imekaguliwa, sanduku halipo, na hakuna aliyebaki uani aliyejua kwamba lori lilikuwa nalo. Watoto walifungiwa nyumbani, wanawake walikatazwa kuokota kitu chochote cha chuma, polisi walikuwa langoni. Mkurugenzi alimwambia atoe toleo la haraka. Aliketi akachapa: "Sanduku la mionzi limepotea. Anatafutwa Salim Abubakar, msimamizi wa stoo." Neno "anatafutwa" halikuwa la mkurugenzi. Lilikuwa lake. Aliliokota kwenye foleni ya chai.

Jioni ile polisi walimtoa Salim katikati ya hitima ya mama yake, ndugu na majirani wakitazama, na asubuhi ya Jumanne akasimamishwa kwenye ukumbi wa maabara.

"Sanduku liko Kanyangi na lori," Salim alisema. "Niliandika tangazo."

"Ukampa nani?" mkurugenzi aliuliza.

"Nilimpatia Mama Mbinya. Mkononi. Alikuwa amesimama pale kwa mashine."

Watu wote wakageuka. Mama alikuwa na mimba ya miezi sita. Alisema, "Mimi sijaona tangazo lolote."

Mama alituambia kwamba siku ile kweli hakukumbuka. Kisha akasema: "Lakini hata kujaribu kukumbuka sikujaribu. Andikeni hivyo."

Hakukuwa na simu ya kuwauliza watafiti mpaka Jumamosi, lori liliporudi na sanduku salama. Salim hakuwa mwizi, lakini aliachishwa kazi kwa kutoa sanduku bila kutangaza. Tarehe 23 Septemba Mama alifungua stensili akakuta karatasi ile, mwandiko mzuri wa Salim, na juu yake "Jumatatu" kwa mkono wake mwenyewe. Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa mlango wa pili. Hakuugonga. Aliificha karatasi chini ya bitana ya sanduku lake la nguo, na kesho yake akachapa Habari za Ndivuni kama kawaida. Aliendelea kuzichapa kwa miaka kumi na miwili, mpaka maabara ilipofungwa mwezi wa Juni 1988. Alisema tangu siku ile hakuna asubuhi aliyoweza kugawa karatasi zile akimtazama mtu machoni.

Mwezi wa Januari 1994, katika mkutano wa akina mama huko Kitui, alimsikia mtu akimnong'onezea mwenzake kuhusu msichana aliyepita na chai: "Huyo Tumu posa yake imerudishwa. Si ni mtoto wa yule mwizi wa sanduku la sumu?" Alirudi Tawa bila kula. Alimwonyesha baba ile karatasi.

Baba alisoma, akavua miwani. "Miaka kumi na saba, Nzilani, unalala na hii kitu karibu yangu?"

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja Kitui. Mzee Salim alikuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko, na mkewe, Bi Mishi, aliwaletea viti. Mama alimpa karatasi kwa mikono miwili. Mzee aliisoma mpaka mwisho.

"Mama Mbinya, mimi nilitolewa kwa hitima ya mama yangu."

"Najua."

"Hapana, hujui. Ulisikia tu." Akaikunja karatasi, akamrudishia. "Nimekusikia. Lakini mimi hukunitangaza hapa kwa baiskeli. Enda useme pale uliposemea."

Ndivuni haikuwepo tena. Watu wake walikuwa wametawanyika Makindu, Kitui, Tawa na kwingineko. Mara mbili Mama alisimama katika kanisa hili wakati wa ushuhuda, na mara mbili aliomba wimbo akakaa chini. Mnaokumbuka mlidhani ni ugonjwa.

Ugonjwa nao ulikuwepo kweli. Kisukari kilikuwa kimempata tangu mwaka wa 1992, na kufikia Oktoba 1995 figo zilikuwa zimedhoofika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani waliotuletea maji na kuni. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Juni 1996, saa tatu asubuhi, baba akiwa amemshika mkono. Alikuwa amesema kwamba watu wa Ndivuni hawatakutana tena mahali pamoja ila kwenye maziko yake, basi tangazo litolewe hapo. Linasomeka hivi:

"HABARI ZA NDIVUNI. Sanduku la kupimia maji limekwenda Kanyangi na lori la watafiti, kuanzia Ijumaa 3 Septemba 1976. Salim Abubakar alilitangaza kwa wakati. Mimi, Nzilani, nililipokea, nikalisahau, nikasema uongo, nikaficha. Salim hakuiba. Salim hakuvunja sheria. Nimechelewa."

Mwenyekiti wa maziko alituuliza kama ni lazima lichapishwe kwenye programu, mbele ya wageni na wachungaji. Baba alisema, "Lile la kwanza lilichapishwa." Nakala hamsini za programu ya leo zilipelekwa Kitui juzi na kukabidhiwa Mzee Salim. Alizipokea. Hatukumwuliza kama atakuja, wala hatumtafuti kwa macho sasa. Tunawaomba radhi, yeye, Bi Mishi na binti yao Tumu, kwa jina letu sote.

Mama Nzilani ameacha mume, Mwalimu Muthama Musembi, watoto, Mbinya, Musembi na Nthenya, wajukuu wanne, na ndugu yake, Muli Ndululu wa Kanyangi.

Mungu mwenye rehema ampokee kama alivyo, na ampe pumziko.