Kufuli la Wenzetu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu funga hilo dirisha, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na barabara.

Nyumba ni ya mama yenu. Shamba gawaneni sawa, wa kike kwa wa kiume, na atakayenung'unika aje aninung'unikie kaburini. Hayo ni mepesi. Zito ni ghala la vitunguu pale mpakani.

Mnakumbuka lilikuwa na makufuli mawili, moja letu na moja la wenzetu wa ng'ambo, na mlango haukufunguliwa mpaka mimi na Kipara, msimamizi wao, tusimame pale pamoja, kila mtu na ufunguo wake. Sisi tulilima, wao walikuwa na malori na soko, na miaka tisa mikoa miwili ilikula kupitia mlango ule. Siku zote nimewaambia Kipara alitugeuka. Niliwadanganya.

Mpaka ulipofungwa siku kumi na moja, nilisikia harufu ya vitunguu vikianza kuoza, nikachukua msumeno nikakata kufuli lao. Sikuiba; fungu lao nililipanga kando, gunia kwa gunia. Lakini simu ilikuwa mfukoni, wanangu. Sikumpigia Kipara kwa sababu sikutaka kuomba ruhusa kwenye ardhi yangu mwenyewe. Alipokuja akakitazama kile chuma, akasema, "Vingeoza, kaka, tungelia pamoja." Akaondoka, na malori hayakurudi tena. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sasa ameota ndevu.

Kufuli lenyewe limo kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda hiki. Mpelekeeni. Msitume mtu, nendeni nyote, mseme mbele ya watu wake kwamba baba yetu ndiye aliyekata. Msiombe malori. Mpeni na kufuli jipya, na funguo zake zote, msibaki na hata mmoja.

Nipe maji... basi, yatosha.

Akikubali kulifunga pale ghalani, msiliguse. Mkisikia harufu, mpigieni. Akisema subirini, subirini. Kinachooza... kiacheni kioze.

Radhi yangu mnayo nyote, hata wewe uliyechelewa kuja. Mungu awape wa kusimama nao mlangoni. Kopo... livuteni sasa, nilione likitoka.