Divai kwenye Vikombe vya Chai

Leodgar alipanda teksi ya Troyeville, basi dogo la abiria, akitaka kusinzia tu, lakini Wakongomani wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Mkubwa, Mama Gaëlle, alikuwa amepakata chupa ya divai nyekundu kama mtoto mwenye homa.

"Inatoka kusini mwa Italia," alisema. "Kule watu hawana kitu kama sisi, wanakula maharagwe na utumbo. Bei nafuu, na inakijua chakula kizito. Leo wakwe wanakuja kumposa Gaëlle, nami nimepika makongoro. Wale ni Wakatoliki. Nikiwakalisha koo kavu kwenye baridi hii, posa imekufa."

"Na shemasi wetu, yaya?" mwenzake alimwuliza dada huyo mkubwa. "Si ndiye msemaji wako? Akiiona, Jumapili unasimamishwa mbele ya kanisa."

"Ataionea wapi? Naipasha moto, nawamiminia wakwe kwenye vikombe vya chai."

Leodgar alikuwa ameona walokole wengi Johannesburg, lakini huyu alikuwa na akili. Usingizi ukamtoka.

"Itafuka vizuri," mwenzake alikubali. "Ila shemasi, kwa ukarimu wake ule, akisimama kuwatilia wageni maziwa?"

Teksi ikasimama. Mama Gaëlle alikuwa amefika kwake, lakini hakushuka.